Sport ya kuku za mama

Ukitaka kujua kama mutu iko muzima, unamuangalia ku uso. Kuku, unaiangalia nyuma. Ule mwaka tulifika Butembo, miye niliangalia mavi ya kuku kuliko vile bakijana benzangu banaangaliaka telefone, na haya sikupata. Kama uko unakula wakati unasoma hii, maliza kwanza. Ao endelea, miye nilizoea.

Tulitoka Oicha, tulikimbia. Juu ya nini tulitoka, batu ya huku banajua, na bale habajue bataulizia mutu mwingine, juu miye hapa ninazungumuza juu ya kuku. Siku ya kutoka, kila mutu alikamata kitu yake. Kuko balikamata matela, kuko balikamata masufuria, jirani yetu mumoja alibeba mulango. Mulango muzima, bila nyumba. Mama yeye alikamata bitunga bibili bya kuku. Motari wa kutupeleka Beni akaangalia bitunga, akaangalia mama, akauliza:

"Mama, na matela?"

"Matela haitage mayai."

Motari akafunga bitunga ku pikipiki yake. Miye nikakaa katikati, midomo ya kuku inanichoma mugongo mpaka Beni.

Hazikuwa kuku ya soko, hizo. Mukaka, mama ya mama, njo alizianzishaka: kuku nyekundu, miguu yenye manyoya mpaka chini, utazani zimevaa suruali ya baba mukubwa. Kama uliona kuku ya suruali fasi yoyote kule Oicha, jua ilitoka kwetu, hata kama ule mwenye kuichunga anasema aliinunua. Shamba ya kakao ilibakia, nyumba ilibakia, kaburi ya mukaka ilibakia. Kuku njo kitu moja tu ya Oicha yenye ilikuwa inapumua. Na mama alikuwa na mupango yake, aliniambia hata mbele tufike Beni: siku tutarudia, kuku njo zitatangulia kuingia mu lupango yetu, mu uzio ya nyumba, kiisha siye nyuma. Kama kuku zinakwisha mu njia, hana kitu ya kurudia nayo. Alisema hivyo moja kwa moja, macho kavu. Mama halie. Anapangaka.

Beni tulilala kwa mama mudogo, mudogo wake wa mama. Nyumba yake ilijaa batu mpaka mu jikoni, mais lupango yake ilikuwa kubwa, na nyuma yake shamba ya batu na kichaka. Tukamuachia kitunga moja. Ingine tukaendelea nayo Butembo, juu huko mama alipata chumba kwa mama mumoja muzee, mujane, mukatoliki wa kuamkia misa kila asubui. Miye nilimuita mukaka tangu siku ya kwanza, na alipenda. Mu lupango yake alilima puaro, ile kitunguu ya majani marefu, na shu, kabichi, mistari ya kunyooka, mizuri kuliko mistari ya kaye yangu ya kuandikia ku primaire, yenye nilimaliza na nguvu ya Mungu. Akaangalia kitunga yetu, akamuambia mama:

"Mwanangu, karibu. Miye sina mubaya na kuku. Ni kuku njo ziko na mubaya na puaro yangu."

"Nimesikia, mama. Nitazifunga."

Njo hapo mambo ilianzia.

Kwetu, kuku ikiingia mu nyumba mupya, ni mugeni. Unaifunga kamba ku muguu, karibu na jiko, unaipa chakula hapo hapo, ku mukono. Haitembee, haichakure. Inakaa tu, inavuta moshi ya nyumba, inajifunza kama hapa njo kwao. Kiisha, wakati imezoea, unakata kamba, inaenda kutafuta maisha. Kila mutu anafanyaka hivyo, na iko muzuri. Shida ni kwamba mama alifunga, na kukata hakukata. Puaro iko pale, mukaka iko pale, kamba ikabakia. Tena mama alizionea huruma. Zilisafiri, alisema. Mugeni hatumikishwe. Akazipa sembe ya mahindi, akazipa bugali ya jana, akazipa maji mbele ya mudomo, hata kusimama hazikuwa na lazima. Kuku zikaishi kama badeputé.

Kiisha matumbo ikaharibika.

Mavi ya kuku muzima iko nguvu, nyeusi kidogo, na kofia nyeupe juu. Unaweza kuipiga teke, inaruka. Zetu zikaanza kutoa maji. Maji ya kijani, yenye povu. Manyoya ya nyuma ikashikana, vichwa vikaingia mu mabega. Moja ikakufa. Mama hakuipika. Alichimba shimo nyuma ya choo, akaizika, na mukaka akasimama pale anaangalia, mukono ku mudomo.

"Mwanangu, hata supu?"

"Hapana, mama. Hii ni ya kwetu."

Mukaka akaenda kuleta pilipili na majivu, akachanganya mu maji. Kuku zikakunywa, zikaendelea kuhara, sasa na pilipili. Jirani wa chini akasema tutafute kapsile ku farmasi, ile ya rangi mbili, unafungua unamwanga mu maji. Mama akamwanga. Kwanza ikakuwa muzuri, tukafurahi. Kiisha ikarudia, mubaya kuliko mbele. Zilikuwa zimebakia tisa, na mama akaacha kuzihesabu kwa sauti.

Akanituma Beni. "Uende uone kama za mudogo wangu nazo zinakufa. Kama nazo zinakufa, nijue ni ugonjwa ya kwetu, tulitoka nayo."

Nikapanda moto, pikipiki ya motari, nikashuka ku ile joto ya Beni, nikakuta mama mudogo iko anachambua sombe, majani ya muhogo. Nikauliza kuku.

"Kuku gani?"

"Kuku za mama! Zilikufa?"

"Zikufe juu ya nini? Ukae kwanza. Namna gani unaingia mu nyumba ya batu unauliza kuku mbele ya kuuliza miye?"

Nikamusalimia vizuri, na kichwa chini. Kiisha nikauliza tena.

"Unazipaka nini, mama mudogo?"

"Sembe ya mahindi kidogo asubui. Kama nyinyi."

"Na kiisha?"

"Kiisha zinaenda."

"Zinaenda wapi?"

"Nijulie wapi? Miye niko police ya kuku? Zinapita pale ku kichaka, zinapanda, zinashuka, zinapigana na za batu. Mangaribi zinarudia."

Na kweli, mangaribi zikarudia. Zilikuya mbio, suruali zinaruka, vifua mbele kama basoda ku défilé. Nikainama nyuma yao. Mavi nguvu, kofia nyeupe, yote. Mama mudogo akaniangalia na huruma.

"Mutoto wa yaya, uko unatafuta nini hapo?"

"Ninasoma."

"Njo tulikulipia primaire juu ya hiyo?"

Nikarudia Butembo na jibu yangu tayari. Kuku moja, zote za mukaka wa Oicha, sembe moja. Za Beni zinatembea, za Butembo zinakaa. Donc ni kutembea njo dawa. Nilikuwa hakika kabisa. Mu njia nilizungumuza na motari mpaka alitaka kuniacha ku Maboya, mbele ya kufika.

Mutu wa kwanza kuniharibia hiyo furaha alikuwa mujukuu wa mukaka. Alikuwa anasoma mambo ya kuchunga nyama, ngombe na kuku, ku université hapo Butembo, na alifika kusalimia mukaka yake, na mabote nyeupe mu miguu. Miye nilimuita dokta, hata kama alikuwa bado. Yeye aliniita petit, hata kama nilimupita urefu. Nikamuelezea yote. Akasikiliza vizuri, ile namna ya kusikiliza yenye inakutia woga.

"Muzuri, petit. Beni kuko joto?"

"Sana."

"Butembo?"

"Baridi."

"Donc pengine ni joto njo dawa."

Nikasukuma kijiti na muguu, yeye akaendelea.

"Na za Beni zinakula nini ku kichaka?"

"Sijue. Badudu. Majani. Mawe ya kidogo."

"Na munazipaka kapsile?"

"Za Beni? Hapana."

"Unaona? Weye uliona kitu moja, kuko bine."

Kiisha akakaa ku kiti ya mukaka, akanifundisha. Mu matumbo ya kuku muko mikrobe mingi, bengi kuliko batu mu soko ya Kirumba siku inajaa. Siye tukisikia mikrobe tunawaza ugonjwa tu. Mais bengi ni bafanyakazi: banamaliza kuvunja chakula yenye tumbo peke yake haiweze, banakalia fasi ili babaya bakose fasi ya kukaa. Kapsile ikiingia haiulize nani muzuri nani mubaya. Inafukuza bote. Kiisha, wakati lupango iko wazi, nani anarudia wa kwanza? Mara mingi ni bale babaya. Njo maana kuku zetu zilipona kidogo, zikaanguka tena.

"Na kutembea?" nikauliza, juu nilitaka dawa yangu inirudilie.

"Mwili ikitumika, tumbo nayo inatumika. Chakula inatembea mu ndani, haikae kuoza. Damu inapita ingine namna, joto inapanda. Kama nyumba inageuka, bakaaji nabo banageuka. Ku ndege kama kuku, hiyo mambo banasayansi bangali banaitafuta, hakuna mutu atakuambia kabisa. Inaweza kuwa kweli. Mais kuku yako ikitembea, inachakura pia. Inakula udongo, na mu udongo muko mikrobe ingine. Donc uniambie, petit: ni miguu njo inaponesha, ao ni mudomo?"

Miguu ao mudomo. Ile swali ilinikamata vibaya. Nililala nayo, nikaamuka nayo. Mutu wa ya sita primaire ukimupa swali moja ya muzuri, hana kazi ingine, anaishika.

Asubui nikamuambia mama tutagawanya kuku mara tatu. Za kwanza zitatoka inje na miye, kutembea na kuchakura: miguu na mudomo. Zingine zitakimbia juu ya simenti ya mukaka, pale anaanikaka maharagi, simenti ya kuosha na maji, bila udongo: miguu peke yake. Za mwisho zitabakia na kamba, kama zamani. Sembe moja kwa zote. Kapsile, hapana. Pilipili, hapana.

"Na ile zitabakia na kamba," mama akauliza, "zilikosa nini?"

"Hazikukosa, mama. Zinatusaidia kujua."

"Kujua nini?"

"Kama ni miguu ao ni mudomo."

Mama akakaribia, akaninusa mudomo. "Ulikunywa ile maji ya pilipili?"

Mais alikubali, juu hakukuwa ingine njia. Nikakata vijiti vya fagio, virefu na vifupi, ili nisichague mwenyewe. Kijiti ikamuangukia ile kuku muzee kuliko zote, ile mama alikuwa anaita "Mama wa suruali", yenye mukaka wa Oicha aliiacha kifaranga siku alikufa. Ikaanguka mu groupe ya kamba. Mama aliona. Aliingia mu nyumba.

Sasa, kutembeza kuku mu Butembo. Unafikiri ni kazi ya mupumbavu, mais jaribu. Nilifunga kila moja kamba murefu ku muguu, tukatoka ku barabara, tunapanda mulima kwenda ku kiwanja ya mupira ya masomo, kule juu. Kuku zenye zilikaa sana hazijue tena kazi ya miguu. Zilipiga hatua kidogo, zikakaa. Nikavuta. Zikateleza na tumbo, kama tshukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, bila gurudumu. Batu ya Butembo, bale batu banapenda biashara kuliko kulala, bakaacha biashara.

"Kijana, unavuta kuku, ao kuku zinakuvuta?"

"Tunabadilisha."

"Hii ni imbwa ya namna gani?"

"Ya kulinda lupango. Karibia kidogo, utaona."

Motari mumoja akapunguza mwendo kabisa. "Petit, upandishe hizo ku moto, nizifikishe!"

"Hapana, yaya. Zikizoea moto zitapata tumbo kama yako."

Barabara yote ikacheka, na yeye pia akacheka, juu ile tumbo haikuwa ya kuficha. Tangu siku ile, kila asubui alipita anapiga klakson kwa kuku. Kidogo kidogo zikajua njia. Zikaanza kunitangulia. Ku kiwanja, zikachakura udongo kama zimepoteza funguo pale chini, zikakimbizana, zikaruka juu ya goli. Miye nilikaa ku majani, nasikia nguvu, nasema: hawa njo ba-joueur bangu.

Za simenti ilikuwa ingine mambo. Niliosha simenti, nikakimbiza kuku na fagio, kuzunguka, kuzunguka, asubui na mangaribi. Mukaka alitoka ku misa, akakuta miye nakimbia nyuma ya kuku mu duara, fagio juu, natokwa jasho.

"Mujukuu, unafukuza shetani?"

"Hapana, mukaka. Nafukuza mikrobe babaya."

"Ukimaliza, unifagilie na hapa."

Dokta naye alikuyaka kuangalia. Siku moja akasimama pale na mikono nyuma, akasema:

"Uliona ile ya mwisho imekula inzi?"

"Inzi moja tu."

"Inzi iko na mikrobe ku miguu. Hiyo siyo miguu peke yake tena."

"Dokta, sasa niziingize mu chupa?"

Akacheka mpaka akakaa chini. Miye sikucheka. Niko na hasira na ile inzi mpaka leo.

Habari ikaanza kutoka, nyuma ya kuku, pole pole. Za kiwanja njo zilianza: maji ikapunguka, povu ikapotea, kiisha asubui moja nikaona kofia nyeupe, nikaita lupango yote. Mama akatoka mbio na kitambaa mu mukono, anafikiri nyumba inaungua. Za simenti zikafwata, nyuma, bila haraka: leo nguvu, kesho maji, kesho kutwa nguvu. Zilipanda, mais hazikufika fasi za kiwanja zilifika. Na za kamba zikabakia vile.

Nikamuambia dokta: "Donc ni miguu na mudomo, bote."

"Inaonekana vile. Mais siye tunaona mavi, petit. Mikrobe hatuione. Na kuku zako ni kidogo sana. Ongeza siku, tuone kama simenti itafikia kiwanja."

Ongeza siku. Hiyo neno ilinipendeza. Nilikuwa karibu kujua kitu yenye hata mu kitabu pengine haiko, miye, mu lupango ya puaro. Nikapanga mu kichwa namna nitaongeza.

Mais Mama wa suruali alikuwa amefika mwisho. Alikonda mpaka ukimushika unasikia mufupa ya kifua kama kisu. Hakufungua tena macho yote mawili, alifungua moja, yenye ilikuwa upande ya mama. Mama alikuwa anakaa karibu naye, kiti karibu na jiko, hivyo siku nzima. Ni kweli mama hakuwa na fasi ingine ya kwenda. Tangu tufike Butembo alitoka siku ya Mungu tu, kwenda kanisa yetu na kurudia, na hata pale alikaa nyuma. Batu ya barabara habakujua sura yake. Mukaka alimukatazaka hata kufagia: wewe ni mugeni, mwanangu, kaa.

Asubui moja mvua ilikuwa inanyesha kidogo, ile mvua ya baridi ya Butembo yenye haina haraka. Natoka, nakuta mama na kisu ya jikoni mu mukono. Nikazani anataka kumuchinja Mama wa suruali. Hapana. Alikuwa anakata kamba.

"Mama! Bado! Nimebakisha siku kidogo!"

"Za kufanya nini?"

"Za kujua!"

"Weye unatafuta jibu. Miye ninatafuta kuku."

"Mama, ukifungua hizi, groupe ya tatu inakufa. Hatutajua tena kama—"

"Groupe ikufe." Akakata ya pili, akakata ya tatu. "Uliniambia hizi zinatusaidia kujua. Zimesaidia. Nimejua. Mutu akisha kuona mwenzake anazama, hangoje aone kama atafika chini."

Nikamukimbilia dokta, alilala pale kwa mukaka ile siku, nikamugongea ku mulango nimuite shahidi. Akatoka na blanketi ku mabega, akaangalia kuku, akamupapasa Mama wa suruali chini ya bawa. Nikangoja aniunge mukono.

"Mama iko na haki, petit. Hata kwetu masomo, nyama ikizidi kuumia, unasimamisha. Unaandika ulifika wapi, unasimamisha."

"Hata kama unabakisha kidogo?"

"Hata kama."

Bon. Babili juu ya mumoja. Sikuomba musamaha, na mpaka leo sijaomba, juu bila ile groupe ya kamba hatungejua kitu. Mais nilikaa kimya, na miye kukaa kimya, uliza mutu yeyote, ni malipo makubwa.

Ile ingine mbili zilisimama zenyewe, zikatikisa miguu, zikanifwata. Mama wa suruali hapana. Nilivuta kipande ya kamba yenye ilibakia ku muguu, ikaanguka upande. Nikasema nitaibeba. Mama akasema, "Acha." Akajifunga kitenge nguvu, akamukamata kuku ku kifua, akaweka karatasi ya nailo juu ya kichwa chake yeye na ya kuku, akatoka ku mulango ya lupango. Siku ya kazi. Mu mvua. Mukaka akatoa kichwa ku dirisha: "Mwanangu, unaenda wapi? Kaa, utalowana!" Mama akajibu, "Ninaenda sport, mama," na hakugeuka.

Nilifwata nyuma na kuku zingine. Ku mulima ile motari wa tumbo akasimama, akafungua mudomo atoe neno, akaona mama, akafunga mudomo. "Wabukire, mama," akasalimia na Kinande, luga yetu. Mama akamuitika.

Ku kiwanja akaweka kuku chini. Ikakaa. Akaisimamisha, akaishikilia hapa ku mabawa, kama vile unafundishaka mutoto, hatua, hatua. Ikakaa tena. Mama akachakura udongo yeye mwenyewe, na vidole, akatoa mududu, akauweka mbele, si karibu sana. Kuku ikafungua macho yote mawili. Ikawaza. Ikaenda. Ilikuwa mbali kama kutoka kitanda mpaka mulango, ile safari, mais ilifika, na mududu ukaisha. Mama akachakura ingine, mbali kidogo kupita.

Hivyo kila siku. Miye nilipeleka zingine, mama alipeleka ile. Sijue kama ni miguu ao mudomo, na kwa ile moja sitajua kamwe, juu ilipata vyote pamoja, na mikono ya mama juu yake. Asubui moja, katikati ya barabara, ikasimama, ikainua mukia, ikatoa. Tukainama batatu: mama, miye, na dokta yenye alikuwa anaenda masomo. Nguvu. Nyeusi. Kofia kidogo, ya kuinama upande, mais ni kofia. Mwanamuke mumoja mwenye kapo ya avoka ku kichwa akasimama nyuma yetu, kapo haitikisike.

"Mulipoteza nini pale?"

"Hatukupoteza," mama akasema. "Tumepata."

Yule mwanamuke akainama naye kidogo, kiasi kapo inamuruhusu, akaona. Akauliza kuku inatoka wapi na suruali yake. Mama akamuambia: Oicha. Yule akasema muke wa kaka yake ni wa kule. Bakaanza kuzungumuza Kinande ya mbio, ile yenye haipumuzike, na miye nikaona hapo hakuna kazi yangu, nikapandisha kuku.

Sasa ni mama njo anazipeleka, zote. Miye alinitoa ku kazi bila barua. Anasema ninazivuta vibaya. Kamba nayo aliacha, kuku zinajua njia: zinapita puaro bila kuangalia upande, juu zinajua kule juu kuko udongo muzuri kupita. Mama wa suruali anakaliaka mayai sasa, mukaka alimupa kona mu jikoni yake mwenyewe na gunia ya zamani chini.

Jana asubui nilikaa ku mulango, nangoja chai. Kuku zikarudia, zote, moja nyuma ya ingine, zikaingia mu lupango, zikakunywa maji. Mama hapana. Nikangoja. Tumbo yangu ikaanza kuzungumuza. Nikashuka ku barabara kutafuta, nikamukuta kule chini, kwa bamama benye banachambuaka maharagi, amekaa katikati yao juu ya gunia, ungo ku magoti, anaelezea kitu na mikono yote, na bale bamama banacheka mpaka maharagi inamwangika.

"Mama, chai!"

"Kuku zimefika?"

"Zimefika."

"Zote?"

"Zote, mama."

"Basi uzipe sembe. Niko nakuya."

Nikarudia, nikazipa sembe, nikapika chai mwenyewe, nikakunywa. Hakuya.